Kamera, Kikombe na Ndege wa Msituni: Historia Fupi ya Mpigapicha wa Ridhaa

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu, na wengi wenu hunitembelea hapa kusoma habari za tarakilishi, simu na mtandao. Leo naomba ruhusa niweke msimbo kando kidogo nizungumzie uraibu wangu wa Jumamosi, yaani kupiga picha.

Mimi si mpigapicha wa kulipwa. Nina kamera ya dijitali ambayo imeshazeeka, nina lenzi moja ndefu, na karibu kila mwezi natoka na wenzangu kwenda Msitu wa Karura, Mbuga ya Nairobi au Ziwa Nakuru kuwawinda ndege kwa kamera. Picha zinazotoka vizuri huzigeuza zawadi. Mama hupata kalenda, rafiki hupata kikombe chenye picha ya mdiria, na mtoto wa dada hupata fulana yenye twiga. Watu huniambia, "Hayo ndiyo mambo ya kisasa yaliyoletwa na kompyuta!"

Si kweli hata kidogo. Mambo haya matatu, yaani uraibu wa kamera, zawadi za picha na matembezi ya nyikani, yamekwenda pamoja tangu siku za kwanza kabisa za upigaji picha. Na ndani ya historia hiyo mna funzo linalotuhusu sisi sote tunaobeba maelfu ya picha mfukoni: ni picha zipi hudumu, na ni zipi hupotea? Twende polepole.

Zawadi kwa ulimwengu, na hataza

Mwaka 1839 serikali ya Ufaransa ilimpa Louis Daguerre malipo ya uzeeni ya kila mwaka, naye akatoa siri ya namna yake ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Tarehe 19 Agosti mwaka huo siri ikatangazwa hadharani, mtu yeyote aitumie bila kulipa. Isipokuwa Uingereza tu, ambako Daguerre alikuwa ameshajichukulia hataza. Msomaji anayejua programu huria atatabasamu hapa. Mjadala wetu wa leo kuhusu msimbo huria na msimbo wa kufungiwa ulikuwako kabla ya taa za umeme!

Lakini picha ya Daguerre ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilikuwa moja tu. Haikuwa na nakala. Ikivunjika au ikiibwa, basi. Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuja na njia nyingine, aliyoichukulia hataza mwaka 1841. Picha ya kwanza ilitokea juu ya karatasi ikiwa kinyume, nyeupe ikiwa nyeusi na nyeusi ikiwa nyeupe, kisha kutokana na hiyo ukachapa nakala kadiri upendavyo. Hiyo ndiyo negativi. Ubora wake ulikuwa chini ya ule wa Daguerre, lakini ilikuwa na kitu ambacho sisi watu wa tarakilishi tunakithamini kuliko vyote: iliweza kunakiliwa. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Mwani, jua na karatasi ya bluu

Mwaka 1842 mwanasayansi John Herschel aligundua njia rahisi ya kutengeneza picha za rangi ya bluu kwa chumvi mbili za chuma. Unachanganya dawa, unapaka karatasi, unaiacha ikauke gizani, unaweka kitu juu yake, unaianika juani, kisha unaiosha kwa maji matupu. Palipopigwa na jua panakuwa bluu, palipofunikwa panabaki peupe. Kwa miaka mingi wahandisi walinakili ramani za majengo kwa njia hiyo hiyo. Huhitaji kamera wala chumba cha giza cha maana. Nimejaribu na majani ya mpapai kwenye paa la nyumba, na jua letu la ikweta saa sita mchana linafanya kazi hiyo kwa dakika chache tu.

Mmoja wa watu wa kwanza kuitumia njia hii alikuwa Anna Atkins, mwanamke Mwingereza aliyependa mimea. Hakuwa na kazi ya picha wala cheo cha chuo kikuu. Alikuwa mtu wa ridhaa kwa maana kamili. Alikusanya mwani wa baharini, akaulaza juu ya karatasi zilizopakwa dawa, na kuanzia Oktoba 1843 akaanza kutoa sehemu za kitabu chake kuhusu mwani wa Uingereza, kazi iliyomchukua miaka kumi hivi. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za namna ya fotografia.

Hakukiuza dukani. Alitengeneza nakala chache kwa mkono na kuzigawa kwa marafiki na vyama vya wanasayansi. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha picha kilikuwa pia zawadi ya picha, na kilikuwa cha viumbe wa asili. Mambo yetu matatu yamekutana mahali pamoja, miaka minne tu baada ya tangazo la Paris!

Kamera iliyotolewa zawadi

Desemba 1863 Julia Margaret Cameron, mama aliyezaliwa Kolkata, India, mwaka 1815, alipewa kamera na binti yake na mkwewe ili isimkalie upweke nyumbani kwake katika kisiwa cha Wight. Alikuwa na umri wa miaka 48. Aligeuza ghala la makaa kuwa chumba cha giza na banda la kuku kuwa studio.

Kamera za wakati huo zilitumia kioo kilichopakwa dawa mbichi, njia iliyobuniwa na Frederick Scott Archer na kutangazwa mwaka 1851. Archer hakuchukua hataza. Aliitoa bure kwa wote, akafa mwaka 1857 akiwa hana kitu. Wale mnaotunza miradi huria usiku baada ya kazi, huyo ni babu yenu.

Mwaka 1864, kabla hata mwaka wake wa kwanza wa kupiga picha haujaisha, Cameron alitengeneza albamu na kumpa zawadi John Herschel, yule yule wa karatasi ya bluu, aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi. Mwaka 1867 akaiomba tena, akaongeza picha, akamrudishia. Toleo la pili, tungesema leo! Zaidi ya miaka mia baadaye, ilipokaribia kuuzwa nje ya Uingereza, watu walichangishwa fedha, na mwaka 1975 ikabaki nchini kama mali ya umma. Zawadi ya mpigapicha wa ridhaa ikageuka hazina ya taifa.

Vikombe je? Navyo si vya jana. Mwaka 1854 Wafaransa wawili, Bulot na Cattin, walipata hataza ya kubandika picha juu ya kauri na kuichoma tanuruni ili isifutike. Mwaka huo huo Mfaransa mwingine, Disdéri, alipata hataza ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya bamba moja, kisha kuzikata na kuzibandika kwenye kadi ndogo. Bei ikashuka. Miaka ya 1860 watu wa Ulaya na Marekani walipeana kadi hizo kama wendawazimu na kuzipanga ndani ya albamu sebuleni. Ukitaka, waweza kuiita mitandao ya kijamii ya karatasi.

"Wewe bonyeza, kazi nyingine tuachie"

Mwaka 1877 karani kijana wa benki mjini Rochester, Marekani, kwa jina George Eastman, alipanga safari ya mapumziko kwenda kisiwa cha Hispaniola. Mwenzake alimshauri achukue kamera. Akanunua vyombo vyote: kamera kubwa, kigoda chake, hema la giza, chupa za dawa, vioo, beseni. Mzigo wa punda! Safari yenyewe hakwenda, ila wazo la kurahisisha mzigo ule halikumtoka tena.

Mwaka 1888 alitoa kamera aliyoiita Kodak. Iliuzwa dola 25 ikiwa tayari na filamu ya picha 100 ndani. Ukimaliza unaituma kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, nao wanaosha filamu, wanachapa picha, wanatia filamu mpya na kukurudishia. Tangazo lake lilisema, kwa Kiswahili chetu: wewe bonyeza kitufe, kazi nyingine tuachie sisi. Februari 1900 ikaja Brownie, kisanduku cha dola moja tu kilicholengwa watoto. Hapo ndipo kupiga picha kulipokuwa uraibu wa kila mtu.

Kwa lugha yetu, Eastman aligawanya mfumo sehemu mbili: kifaa rahisi mkononi mwa mtumiaji, na seva kubwa iliyokaa Rochester. Faida yake ni kubwa, sitaki kuidharau. Lakini tangu siku hiyo mpigapicha wa ridhaa hakuhitaji tena kujua picha yake inatengenezwa vipi wala inakaa wapi. Ujinga huo mtamu ndio tulio nao mpaka leo tunapoweka picha kwenye "wingu".

Kodak hawakusahau zawadi. Kuanzia mwaka 1903 waliuza kamera ya kukunja ambayo filamu yake ilikuwa na ukubwa wa postikadi hasa. Mwaka 1907 posta ya Marekani iliporuhusu ujumbe uandikwe upande wa anwani, kadi za picha za nyumbani zilifurika. Unapiga picha ya mtoto au ya samaki uliyemvua, unaichapa kwenye karatasi ya kadi, unabandika stempu, unaipeleka posta.

Kutoka bunduki hadi kamera

Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walianza na kiota. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota kilichojaa picha zilizopigwa porini. Ili kuwakaribia ndege, walijificha hata ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa ikasimama kama ng'ombe mzima. Fikiria umeinama humo ndani juani ukingoja kijogoo!

Huko Marekani, mwanasheria George Shiras alijifunza ujanja wa wawindaji wa kabila la Ojibwe: kuteleza ziwani usiku kwa mtumbwi wenye taa mbele, mnyama akabaki ameduwaa akiitazama. Shiras alibadilisha bunduki kwa kamera na unga wa kutoa mwanga. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 za wanyama kwa mpigo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Umaasai na pande za Kilimanjaro akiwa na kamera na fleshi ya unga. Alitega waya karibu na maji au chambo, na simba au fisi akiugusa, anajipiga picha mwenyewe. Kamera za mitego wanazotumia watafiti mbugani leo ni wajukuu wa waya ule. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwafanya wasomaji wengi wa Ulaya waone kwa mara ya kwanza wanyama wetu wakiwa hai usiku, na si vichwa vilivyotundikwa ukutani. Lakini tusimpake asali: Schillings alikuwa mwindaji pia, na aliua wengi kabla ya kuwa mtetezi wao.

Tena tusisahau jambo hili. Safari hizo zilikwenda kwa miguu na mabega ya wapagazi wetu, waliobeba vioo, dawa na mahema mamia ya kilomita. Majina ya wageni yamechapwa kwenye majalada. Ya wapagazi mengi hayakuandikwa popote. Nikitembea na mfuko mdogo wa kamera begani, mimi huwakumbuka.

Miaka ya 1920 Martin na Osa Johnson kutoka Marekani waliishi karibu na ziwa la volkano kwenye mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakipiga picha na filamu za wanyama. Mmoja wa waliowapa fedha alikuwa George Eastman. Mwaka 1926, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, Eastman mwenyewe alikuja Kenya kwa safari, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Yule karani aliyekosa matembezi ya Hispaniola alipata matembezi yake, miaka karibu 50 baadaye, katika nchi yetu.

Na sisi wenyewe?

Usidhani wenyeji walikuwa wakitazamwa tu. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, ikiwemo ile ya familia ya Gomes yenye asili ya Goa, na kadi zake zilisafiri dunia nzima. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako watu wa mji walikwenda wakiwa wamevaa vizuri kupiga picha za arusi, za urafiki na za kupeana. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha picha kwa mikono yake mpaka mtu akatokea mahali ambapo hakuwahi kufika. Kazi ya Photoshop, bila umeme mwingi!

Miaka ya 1990 wapigapicha wa kivuko cha Likoni walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Vijana waliotoka bara kutafuta kazi walipiga picha hapo wakazituma nyumbani. Ile picha ilikuwa barua: nipo, nina afya, mambo si mabaya.

Na kuna Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943. Alianza akiwa mvulana wa shule kwa kisanduku cha Brownie, kamera ile ile ya watoto. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro. Kwa hiyo usimcheke mtoto anayechezea kamera ya bei rahisi.

Kutoka dawa hadi namba

Sasa tuingie uwanja wangu. Mwaka 1975 mhandisi Steve Sasson, akifanya kazi Kodak, aliunganisha kifaa chenye uzito wa kilo 3.6 hivi. Kilipiga picha nyeusi na nyeupe ya pikseli 100 kwa 100, na kuiandika kwenye kaseti kwa sekunde 23. Hiyo ilikuwa megapikseli 0.01. Kamera ya dijitali ilizaliwa ndani ya nyumba ya filamu, na nyumba hiyo ikashindwa kumlea mtoto: Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi.

Mwaka 1976 Bryce Bayer, naye wa Kodak, alipata hataza ya ujanja ambao bado umo ndani ya karibu kila simu. Sensa haioni rangi, inahesabu mwanga tu. Bayer aliweka vichujio vidogo juu ya pikseli: nusu za kijani, robo nyekundu, robo bluu, kwa kuwa jicho letu linasikia zaidi kijani. Programu hukisia rangi zilizokosekana kwa kuwauliza pikseli majirani. Ndiyo kusema theluthi mbili za rangi katika picha yako zimekisiwa na hesabu!

Kuhusu ukubwa wa faili, tumshukuru Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, na wenzake wawili. Mwaka 1974 walichapisha hesabu ya kuigeuza picha kuwa mawimbi, ili yale mawimbi madogo ambayo jicho haliyaoni yaweze kutupwa. Juu ya hesabu hiyo kukajengwa JPEG mwaka 1992, inayokata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Bila hiyo, mtandao wa simu tuliokuwa nao miaka ya mwanzo usingebeba picha hata moja.

Tarehe 11 Juni 1997 mwandishi wa programu Philippe Kahn alikuwa hospitalini California akingojea mkewe ajifungue. Akaunganisha kamera ya dijitali, simu na tarakilishi ndogo, akaandika msimbo wa kuviunganisha, na mtoto alipozaliwa akapeleka picha yake kwa zaidi ya watu 2,000. Hapo tena: mtu wa uraibu, picha, zawadi.

Kikombe kinachapwaje?

Mnaoniuliza kuhusu vikombe, jibu ni hili. Wino wa kawaida haushiki kwenye kauri. Hutumika wino maalumu ambao ukipashwa moto hauyeyuki bali unageuka moja kwa moja kuwa mvuke. Picha huchapwa kwa printa ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, karatasi inafungwa kuzunguka kikombe kilichopakwa tabaka la plastiki aina ya poliesta, kisha kinabanwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika chache. Mvuke unaingia ndani ya tabaka lile, na likipoa rangi zinafungiwa humo. Ndiyo maana fulana ya pamba tupu haifai kwa njia hii, bali ya poliesta.

Piga hesabu kabla ya kwenda kwa mchapaji. Eneo la sentimita 20 kwa 9, kwa nukta 300 kwa inchi, linataka pikseli zipatazo 2,362 kwa 1,063. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa, na huenda ikatoka na ukungu. Ipeleke kama hati, au kwa barua pepe, au kwa kadi yenyewe.

Jihadhari na namba zilizofichika

Hapa nawaomba msikilize vizuri. Tangu mwaka 1995 kamera huandika ndani ya faili maelezo yaitwayo EXIF: saa, aina ya kamera, na kwenye simu mara nyingi pia mahali, kwa GPS. Kwenye ikweta, tarakimu nne baada ya nukta katika namba hizo hukuonyesha mahali kwa karibu mita 11. Kwa picha ya keki ya siku ya kuzaliwa si neno. Kwa picha ya kifaru au ya kiota cha tai, umempa jangili ramani bure.

Baada ya Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, kufa Ol Pejeta Machi 2018, walibaki majike wawili tu. Hatuna wa kupoteza. Zima GPS ya kamera unapoingia hifadhini, au ifute kabla ya kuweka picha mtandaoni. Kwa wanaopenda mstari wa amri, ExifTool ya Phil Harvey ni bure:

exiftool -gps:all= picha.jpg

Na kumbuka: WhatsApp ikipunguza picha huondoa maelezo haya. Ukiituma kama hati, ubora unabaki, lakini na mahali panabaki vilevile. Huo ni upanga wenye makali pande mbili.

Picha ipi hudumu?

Nyumbani kwetu kuna picha ya marehemu babu, imepigwa Mombasa, ina ukubwa wa postikadi, na nyuma ameandika salamu kwa wino. Alipiga nakala tatu akazituma kwa ndugu watatu. Nakala mbili zimepotea, moja kwa mvua na nyingine kwa mchwa. Ya tatu ilikuwa kwa shangazi, na kwayo wajukuu wote wanaijua sura yake. Kwa upande mwingine, arusi ya kaka yangu ya mwaka 2006 ilipigwa yote kwa dijitali tukakabidhiwa CD moja. CD haisomeki tena, na studio iliyoichoma ilishafungwa.

Si CD pekee. Huduma ya picha ya Kodak mtandaoni ilifungwa mwaka 2012. Picasa iliachwa mwaka 2016. Flickr iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha picha 1,000 mwaka 2019. Google Photos ilisitisha nafasi ya bure isiyo na mwisho Juni 2021. Sisemi wingu ni baya. Nasema wingu ni la mtu.

Mpigapicha Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1 ambayo sisi watu wa seva tunaifuata: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Babu hakuwahi kumsikia, lakini alifuata sehemu kubwa ya kanuni hiyo kwa stempu tatu. Anna Atkins vilevile, na Bi. Cameron. Picha zao ziliponea mikononi mwa waliopewa. Zawadi ni nakala iliyopata mlinzi mwingine.

Basi, pendekezo langu ni hili. Tafuta matembezi. Wakazi wa Nairobi, kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, hutamaliza. Zima GPS. Rudi nyumbani, chagua picha kumi na mbili tu kati ya mia tano, uzichape kwenye karatasi nzuri, na nyuma ya kila moja andika kwa kalamu: nani, wapi, lini. Kisha uzigawe. Kikombe ni kizuri, lakini huvunjika, kwa hiyo toa na karatasi.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye msimbo. Kwaherini kwa sasa, na betri zenu zisiishe mbele ya chui.